Kaka yangu sauti imepwelea tangu kabla ya Ramadhani, anasema ni vumbi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga mjini. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41. Shida si yangu, ni ya kaka yangu mkubwa, lakini imeninyima usingizi na nyumba nzima sasa imegawanyika.

Kaka ana miaka 54, ni dereva wa lori la mchanga na kokoto. Sauti yake imepwelea tangu kabla ya Ramadhani. Mwanzoni tulimtania kwamba ameanza kuongea kama mzee wa baraza. Sasa Idi Kubwa imepita na sauti haijarudi, akipiga simu humjui mpaka ataje jina. Kabla hajasema neno lazima akohoe kusafisha koo, na ugali anausukumia na maji. Sikio la kushoto nalo linamuuma, ametia matone ya dawa lakini halijapoa. Zahanati amekwenda mara kadhaa, kila mara anarudi na antibayotiki na dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemtazama zaidi ya kumwambia apanue mdomo na kumkandamiza ulimi kwa kijiti.

Sigara alianza akiwa kijana kwenye mashamba ya mkonge na hajaacha hata siku moja. Pombe kali pia anakunywa, ingawa mama hajui na naomba asijue.

Nilipotaja kansa alinicheka, akasema ni vumbi la kokoto. Halafu akaniwekea hoja mbili. Ya kwanza, mama yetu ana miaka 74, ametafuna tambuu na tumbaku tangu alipoolewa, na mpaka leo ni mzima, anakwenda sokoni kwa miguu. Ya pili, jirani yetu, kijana wa miaka 33, mwalimu wa madrasa, hajawahi kugusa sigara wala pombe, lakini mwaka jana alitokwa na uvimbe shingoni akakutwa na kansa nyuma ya pua. "Sasa niambie sigara imeingiaje hapo?" Sikuwa na jibu.

Yule kijana nilikwenda kumtazama alipolazwa Dar es Salaam. Nikawa nakaa pale nawaangalia wagonjwa wengine. Wengi ni wanaume watu wazima, tena wamekonda, wengine wana bomba la kupumulia shingoni. Lakini kulikuwa na mama mmoja kutoka kusini mwenye kidonda kilichotoboa shavu, mzee mwenye ualbino aliyeoza sikio, na binti wa chuo mwenye uvimbe mkubwa wa taya. Sikuona kinachowaunganisha. Nilitoka pale nikijiuliza, huu ugonjwa unampata nani hasa?

Wifi yangu, mke wa kaka, anasema kimeo kimerefuka ndicho kinachomkera koo, na kuna fundi wa kukata vimeo amepanga kumpeleka Jumamosi. Mjomba naye anasema hata tukienda hospitali tusikubali wamkate kinyama cha kupima, kwa sababu kansa ikiguswa na chuma inasambaa mwili mzima. Anatoa mfano wa mama wa mtaani kwetu aliyekatwa kinyama cha titi na hakumaliza mwaka.

La mwisho, Shangazi. Mume wangu ni fundi seremala wa siku nyingi, na pua yake upande mmoja imeziba. Au ndiyo nimeshaanza kuona kansa kila mahali?

Dada Mtu, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Jumamosi, maana ndiyo iliyo karibu. Kaka yako asiende kwa mkata kimeo. Aende hospitali yenye kliniki ya pua, koo na masikio, Jumatatu hii hii. Kwa hapo Tanga anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kama daktari wa koo hayupo siku hiyo ombeni barua ya rufaa. Msikubali kurudi nyumbani na bahasha nyingine ya antibayotiki.

Sisemi kwamba ana kansa. Sauti hupwelea kwa mambo mengi. Mwalimu, muadhini na mnadi wa samaki hupata vinundu kwenye nyuzi za sauti kwa kupaza sauti kila siku. Asidi ya tumbo ikipanda usiku huunguza koo. Kifua kikuu nacho huweza kushika sanduku la sauti, na huku kwetu kifua kikuu si mgeni. Lakini mtu mzima ambaye sauti yake imepwelea zaidi ya wiki 3, tena mvutaji, lazima sanduku lake la sauti litazamwe kwa macho kabla hajapewa dawa nyingine yoyote. Wewe unanihesabia tangu kabla ya Ramadhani mpaka baada ya Idi Kubwa, na hiyo ni zaidi ya miezi mitatu.

Kilichonishtua zaidi kwenye barua yako ni lile sikio. Neva zinazohudumia koo zina matawi yanayofika sikioni, kwa hiyo kidonda cha kooni kinaweza kuuma sikioni huku sikio lenyewe halina tatizo lolote. Nilifanya uuguzi kwenye kliniki ya koo mpaka nilipostaafu, na akija mtu mzima mvutaji ameshika kichupa cha matone ya sikio, daktari akatazama sikio akalikuta safi, jambo la pili alilofanya ni kuniomba kioo cha koo. Weka hapo na ugali unaosukumiwa na maji, utaona kwa nini sitaki mngoje.

Kile kijiti cha zahanati kinaonyesha ulimi, kimeo na mafindofindo, basi. Sanduku la sauti liko chini zaidi, usawa wa kongomeo, pale panapopanda na kushuka mwanamume anapomeza. Kulifikia kwa macho ni lazima kiwepo kioo kidogo chenye mpini mrefu. Daktari hukipasha moto kidogo kisishike ukungu, anaushika ulimi wa mgonjwa kwa kitambaa cha shashi, anamwambia aseme "iii", na nyuzi za sauti zinaonekana zikifunga na kufunguka. Penye vifaa vizuri zaidi hutumia kamera nyembamba inayopita puani. Vyote viwili havikati popote na ni kazi ya dakika chache. Kwa hiyo kaka yako akifika aseme wazi: "Nataka nyuzi zangu za sauti zitazamwe." Mgonjwa anayejua anachokitaka huhudumiwa tofauti na anayesema tu koo linamsumbua. Sipendi iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa hoja zake. Ni hoja za dereva, basi ajibiwe kidereva. Anawajua madereva wangapi wanaosinzia kwenye usukani usiku kucha na asubuhi wanashusha mzigo salama? Wapo wengi, na hajawahi kusema kwamba usingizi hauleti ajali. Mama ametafuna tambuu miaka yote hiyo akabaki salama mpaka leo, tumshukuru Mungu, lakini hilo halimkingi mtu mwingine. Wanaotafuna tumbaku wengi hawapati kansa ya mdomo. Ukienda lakini kwa wale walioipata ukawauliza mmoja mmoja, ndipo utaona tumbaku ilivyo nyingi miongoni mwao.

Nikiwa kwenye kliniki ile kazi yangu ilikuwa kujaza kadi: umri, kazi, makazi, sigara, ugoro, pombe, dalili zimeanza lini. Picha inayotoka kwenye kadi kama hizo katika hospitali nyingi duniani inafanana. Wanaume ni wengi kuliko wanawake, na kwenye kansa ya sanduku la sauti tofauti ni kubwa zaidi. Wengi wamepita miaka 50. Mbele kabisa ni tumbaku ya aina zote, na pombe inafuata. Mtu akitumia vyote viwili hatari hazijumlishwi, zinazidishana: pombe hulainisha ngozi laini ya mdomo na koo, na sumu za moshi zinapenya kirahisi. Utafiti uliounganisha wagonjwa wa Ulaya na wa Amerika ya Kaskazini na ya Kusini ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya kansa za kichwa na shingo katika nchi hizo zinatokana na tumbaku, pombe, au vyote pamoja. Kaka yako ana vyote, tangu ujana. Mwambie hivyo bila kupunguza wala kuongeza.

Ila picha hiyo usiisome kinyume, na hapo ndipo ninyi wawili mmekosana. Yeye anamwona mtu asiyevuta akaugua, anasema basi sigara haihusiki. Watu wengine, na hata wahudumu wa afya wamo, wanamwona kijana au mwanamke asiyevuta ana uvimbe shingoni wanasema huyu si mtu wa kansa, mpeni antibayotiki. Kosa ni lile lile. Orodha ya hatari inaeleza kwa nini kundi fulani linaugua zaidi, lakini haimpi mtu yeyote cheti cha msamaha. Kidonda kikimaliza wiki tatu kitazamwe kwanza, mwenye kidonda ni nani tutaandika baadaye kwenye kadi.

Na wale uliowaona wodini nitakujibu mmoja mmoja, maana hata mimi nilianza kazi nikijiuliza swali lako.

Mama wa kusini mwenye kidonda cha shavu, kama ungemuuliza tumbaku au tambuu huiweka upande gani, nadhani angekuonyesha shavu lile lile. Tambuu hukaa mdomoni saa nzima pamoja na chokaa na popoo, na ngozi ya ndani ya shavu inaunguzwa pale pale kila siku. Wengi wanadhani ukiondoa tumbaku ukabakisha popoo umepona. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kwenye kundi la visababishi vya kansa vilivyothibitishwa tangu 2004. Popoo ina ubaya mwingine pia: hukaza ngozi ya mashavu mpaka mtu anashindwa kupanua mdomo apitishe vidole vitatu. Vijana wa pwani, kuanzia Mombasa mpaka Dar, wanaonunua vile vipakiti vya kuberi, yaani tumbaku ya kutafuna, na popoo iliyosagwa, wanafanya jambo la bibi zao kwa haraka zaidi, na bila jamvi wala kijaluba.

Mzee mwenye ualbino ameunguzwa na jua. Ngozi yake haina rangi ya kumkinga, na kichwa, masikio, midomo na shingo ndiyo sehemu zinazopigwa na jua tangu utotoni. Kansa hiyo ni ya ngozi, na kofia ya ukingo mpana na mafuta ya kujikinga na jua vingemsaidia mno kama vingemfikia akiwa mtoto. Binti wa chuo siwezi kumsemea. Ila uvimbe mkubwa wa taya kwa kijana, huku kwetu, mara nyingi ni ule uitwao ameloblastoma. Huo si kansa, japo unakula mfupa na kuharibu sura, na dawa yake ni upasuaji.

Jirani yenu mwalimu wa madrasa ni habari nyingine kabisa. Kansa ya nyuma ya pua ina uhusiano mkubwa na kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Karibu sisi sote tunacho mwilini tangu utoto, wala hatuugui, ila kwa watu wachache, kwa sababu zikiwemo za kurithi na za mazingira, kinageuka. Kirusi hicho kilionekana kwa mara ya kwanza London mwaka 1964, kwenye vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda, ambako daktari Denis Burkitt alikuwa akifanya kazi Mulago na kuwaona watoto wenye uvimbe wa taya. Kansa ya nyuma ya pua huchagua hata vijana, na mara nyingi dalili ya kwanza ni hiyo hiyo ya jirani yenu: tezi ya shingo inavimba bila kuuma. Wengine sikio moja linaziba au pua inatoka damu. Kwa hiyo kaka yako amesema kweli, sigara siyo iliyomletea ugonjwa yule kijana. Lakini yeye hana uvimbe nyuma ya pua, ana sauti iliyopwelea, na kwenye sanduku la sauti sigara ndiyo mshitakiwa wa kwanza.

Kipo na kirusi cha HPV, kile cha kansa ya mlango wa kizazi. Kinaleta pia kansa ya mafindofindo na shina la ulimi. Marekani sehemu kubwa ya kansa za eneo hilo sasa zinatokana nacho, ingawa Afrika sehemu yake imeonekana kuwa ndogo. Ukiwa na binti wa umri wa chanjo, usimfiche timu ya chanjo inapofika shuleni.

Kabla sijaiacha wodi, nikuambie jambo la kule ambalo halionekani. Wodi inakuonyesha wale waliofika, tena waliofika wamechelewa. Hapo hayupo aliyefia kijijini akiwa amefungiwa dawa shingoni, na hayupo aliyefika mapema. Kansa ya nyuzi za sauti ikikamatwa hatua ya kwanza, wagonjwa takriban 9 kati ya 10 hupona, wengi kwa mionzi peke yake, na sauti zao wanabaki nazo. Hao hawalali wodini. Wanaendesha daladala, wanauza duka, na ukikutana nao hutawajua. Ndiyo maana mtu akitoka kutazama mgonjwa kama ulivyofanya wewe, anarudi nyumbani na imani kwamba kansa ya koo haiponi. Huku kwetu Afrika Mashariki wengi hufika hatua ya tatu na ya nne, na ukikaa nao wakusimulie safari yao utasikia yale yale: zahanati, duka la dawa, mganga, zahanati tena, kisha shamba liuzwe ipatikane nauli.

Na kimeo kimo kwenye safari hiyo. Sina ugomvi na wifi yako, anamhangaikia mumewe. Kimeo kikikatwa mtu hutokwa damu nyingi, hupata maambukizi, na kisu kimoja kinaweza kuwa kimepita kwenye makoo ya wengi. Kwa kaka yako hasara kubwa ni muda. Atakaa majuma mawili koo linauma kwa kidonda kipya, kila mtu atasema "subiri kipone", na sanduku la sauti bado halijatazamwa. Kimeo hakigusi sauti kwa namna hiyo. Mwambie wifi: daktari akishatazama nyuzi na kusema ni safi, ndipo tuongee habari za kimeo. Nadhani hataongea tena.

Mjomba naye. Imani kwamba kansa ikiguswa na chuma inasambaa nimeisikia kwa mashehe, kwa wachungaji na kwa watu wenye digrii, na imeua watu wengi. Kinachotokea ni kwamba mtu anafika uvimbe ukiwa umeshasambaa, anakatwa kinyama, majibu yanatoka, miezi michache anafariki, na watu wanahesabu kuanzia kisu. Kinyama cha sanduku la sauti ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Bila hicho kipande hakuna daktari atakayempa mionzi, kwa sababu hawezi kujua kama ni kansa, ni ya aina gani, au ni kifua kikuu ambacho dawa yake ni vidonge vya miezi sita. Ukimkatalia kinyama umemkatalia na habari njema pia.

Mkishakata kinyama, fuatilieni jibu lenyewe. Andikeni namba ya maabara kwenye daftari, ulizeni siku ya majibu, na arudi siku hiyo hata kama koo limetulia. Nimeona majibu yakikaa kwenye faili miezi wakati mgonjwa yuko kwao anaamini kwamba kama lingekuwa jambo baya wangempigia simu.

Likiwa ndilo, atafanyiwa picha ya CT ya shingo na kifua, kisha madaktari wataamua: mionzi, upasuaji, dawa za kansa, au mchanganyiko. Mionzi iko Ocean Road pale Dar, lile jengo la Wajerumani ufukweni, na iko Bugando Mwanza. Tiba kamili ya mionzi ya koo kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 7, siku tano kwa wiki, kila siku dakika chache. Maana yake ni kwamba gharama inayowalemea watu mara nyingi ni chumba na chakula cha Dar kwa muda huo, kuliko mashine yenyewe. Anzeni sasa kuuliza ni ndugu gani anaishi karibu. Kama hana bima, pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza chochote, nendeni na barua ya serikali ya mtaa. Na kabla ya mionzi lazima meno yatazamwe. Jino bovu likingolewa baada ya taya kupigwa mionzi, kidonda chake huweza kukataa kupona.

Sigara aache hata kama jibu ni kansa, na hasa kama ni kansa. Wanaoendelea kuvuta wakati wa mionzi hupata vidonda vikali zaidi na tiba inawafaa kidogo. Asiposhinda kwa siku moja asikate tamaa. Na kama jibu ni safi, kuacha kunapunguza hatari mwaka hadi mwaka, ingawa inachukua miaka mingi kumkaribia mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Namna ya kumwambia: usimwambie mbele ya mkewe na mjomba, na usianze na neno kansa, umeshajaribu ukachekwa. Mkute kwenye lori lake anapobadilisha oili, umwambie unataka mwende naye Jumatatu akatazamwe nyuzi za sauti kwa kioo, dakika tano, hakuna kisu. Pombe mwachie yeye mwenyewe amwambie daktari, ila amwambie kweli na kiasi chake. Mama hatajua. Kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja Jumatatu: akianza kupumua kwa sauti ya mluzi, au pumzi ikambana akilala chali, mpelekeni hospitali usiku huo huo, maana njia ya hewa inaziba.

Mumeo sasa. Huoni kansa kila mahali, umeuliza vizuri. Vumbi la mbao linasababisha kansa ya pua na ya mifuko ya hewa iliyo pembeni ya pua, na limewekwa kwenye kundi lile lile la visababishi vilivyothibitishwa. Waliogundua ni madaktari wa Uingereza miaka ya 1960, walipoona mafundi samani wa mji wa High Wycombe wanaugua kansa ya pua kupita kiasi. Ni kansa adimu hata kwa maseremala, na pua iliyoziba upande mmoja mara nyingi ni kinyama cha kawaida kinachoota puani, mafua ya mzio, au ukuta wa pua uliopinda. Lakini upande mmoja, bila kuachia, kwa fundi wa siku nyingi, aonwe na daktari huyo huyo. Akiwa na damu puani, ganzi shavuni, jicho kusukumwa nje au meno ya juu kulegea, asingoje zamu yake. Karakana iwe wazi, amwagie maji kabla ya kufagia, na avae barakoa anapopiga msasa, hasa mbao ngumu kama mninga na mkongo. Kitambaa cha kanga puani hakizuii vumbi jembamba.

Na mama yako, kwa kuwa kila mtu amemtumia kama ushahidi, mtazame. Asubuhi baada ya mswaki, mkalishe dirishani, avue meno ya bandia kama anayo. Vuta shavu kwa kidole, tazama pande zote mbili, kisha chini ya midomo, ufizi, na ulimi kwa pembeni na chini yake. Unatafuta doa jeupe lisilofutika, doa jekundu kama mahameli, kidonda kisichouma, au mahali pagumu ukipapasa. Kisha pitisha vidole shingoni kuanzia nyuma ya masikio mpaka kwenye mitulinga. Ukikuta chochote kilichozidi wiki 3, mpande gari moja na kaka yako siku ile ile ya Jumatatu. Usipokuta kitu, rudia baada ya miezi michache, na mwombe aanze kwa kuitoa tumbaku kwenye tambuu. Popoo mtaijadili siku nyingine, maana kwa miaka 74 hatakubali yote kwa pamoja.